Kura ya Masinde Muliro na Sauti Zisizo na Majina

Mbunge wa Kenya hupimwa kwa mizani mingi. Hupimwa kwa barabara zilizotengenezwa katika eneo lake, kwa bahasha anazotoa katika harambee, kwa basari zilizowafikia wanafunzi, kwa ufasaha wake matangani na, zaidi ya yote, kwa cheo alichopewa serikalini. Aghalabu husahauliwa kura yake. Hili ni jambo la kustaajabisha, kwa kuwa kura ndiyo kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kumfanyia. Barabara yaweza kujengwa na kaunti, na harambee yaweza kuongozwa na tajiri yeyote, lakini mswada haupiti Bungeni ila kwa wabunge wenyewe.

Na itazamwe kura moja ya mwaka 1975. Mnamo tarehe 2 Machi mwaka huo, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na maiti yake ikapatikana katika vilima vya Ngong. Bunge liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale ili kuyachunguza mauaji hayo. Ripoti ya kamati ilipofikishwa Bungeni mwezi Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Miongoni mwa mawaziri alikuwamo Masinde Muliro, Waziri wa Ujenzi. Huyu hakuwa mgeni wa siasa. Aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, pale Waafrika walipochaguliwa kwa mara ya kwanza. Akawa mmoja wa vigogo wa chama cha KADU, na chama hicho kilipovunjwa mwaka 1964 akaingia KANU pamoja na wenzake. Alijua fika kwamba waziri haendi kinyume cha serikali yake akaendelea kuitwa waziri.

Hata hivyo, Muliro alipiga kura ya kuikubali ripoti. Mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu, walifanya vivyo hivyo. Ripoti ikapita kwa tofauti ya kura chache, na wote watatu wakafutwa kazi.

Mwanafunzi wa fasihi amefunzwa kwamba mhusika hajulikani kwa maneno yake peke yake, wala kwa yale wanayoyasema wengine juu yake, bali kwa uamuzi anaoufanya anapobanwa. Anayeisoma orodha ya vyeo vya Muliro peke yake atamwona waziri aliyeachishwa kazi mwaka 1975, na huenda akadhani alizembea. Anayesoma orodha ya kura peke yake ataona jina moja upande wa “ndiyo”, asijue jina hilo liligharimu nini. Orodha hizo mbili sharti zisomwe sambamba, moja ikiifasiri nyingine. Si kwamba kura moja humtakasa mtu. Muliro alikuwa amekalia kiti katika serikali ile ile, na kiti hicho nacho ni sehemu ya kumbukumbu yake. Lakini mtu huyo anaweza kujadiliwa leo, kwa sifa au kwa lawama, kwa sababu siku ile ilijulikana nani alisimama wapi.

Mambo mengi yaamuliwayo Bungeni hayaachi alama kama hiyo. Utaratibu wa kawaida ni kura ya sauti. Spika huuliza wanaokubali, nao huitikia. Huuliza wanaokataa, nao huitikia. Kisha yeye huamua kwa masikio yake upande upi umeshinda. Kura ya kuhesabiwa hupigwa pale Katiba inapodai idadi maalumu, au wabunge wa kutosha wanaposimama kuidai. Kwa hiyo sheria inayomgusa mkulima wa Cherang'any inaweza kupitishwa na asiweze kamwe kujua kama mbunge wake aliitikia ndiyo, aliitikia la, au alikuwa mkahawani akinywa chai. Taarifa Rasmi za Bunge zitamwonyesha hotuba nzima ya mheshimiwa huyo, pamoja na vicheko na makofi, lakini kura yake hazitaonyesha. Mbunge anaweza basi kuulaani mswada kwa hotuba ndefu jioni, akauitikia kwa sauti ya chini dakika chache baadaye, na asipatikane na hatia ya lolote.

Zamani ungeweza kutolewa udhuru. Chini ya Katiba ya awali mawaziri walikuwa wabunge, nao walifungwa na uwajibikaji wa pamoja. Serikali ya mseto ya mwaka 2008 ilikuwa na mawaziri 40, mbali na mawaziri wasaidizi, katika Bunge la watu 222 pekee. Mbunge wa namna hiyo aliweza kuwaambia wapiga kura kwamba mikono yake ilikuwa imefungwa. Katiba ya mwaka 2010 iliikata kamba hiyo. Kifungu cha 152 kinakataza waziri kuwa mbunge. Udhuru umekwisha, lakini desturi ya kujificha ndani ya sauti ya wengi imebaki.

Tarehe 25 Juni 2024 pazia lilifunuka kidogo. Mswada wa Fedha ulipigiwa kura ya kuhesabiwa: wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga. Kwa kuwa Bunge la Taifa lina viti 349 bila ya Spika, wako zaidi ya 40 ambao hawamo katika hesabu ya upande wowote, na hao wameulizwa maswali machache mno. Orodha za majina zilisambaa nchini kwa kasi. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, damu ikamwagika, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kisha vikaja vyeo. Baadaye mwaka huo huo Opiyo Wandayi, mbunge wa Ugunja aliyekuwa kiongozi wa wachache, na John Mbadi, mbunge mteule, walitoka kambi ya upinzani wakawa mawaziri, mmoja wa Kawi na mwingine wa Hazina ya Taifa. Mwaka 1975 kura ilimtoa mtu serikalini. Mwaka 2024 serikali iliwafuata watu upande wa pili wa Bunge. Kila msomaji na atoe hukumu yake, mradi awe na kumbukumbu zote mbili mbele yake.

Wako wanaohoji kwamba kuchapisha majina ni kuwahatarisha wabunge, na wanataja mali za baadhi yao zilizoshambuliwa mwaka 2024. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani uchomaji wa mali ni uhalifu. Lakini hatari hiyo huzidishwa na uhaba. Orodha inapotokea mara moja katika miaka mingi, tena siku ya hasira, huonekana kama hati ya mashtaka. Ingekuwa inatolewa kila juma, kwa miswada ya maji na ya ushirika na ya afya, raia angemjua mbunge wake kwa kura mia, wala si kwa moja.

Liko jambo linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili hasa. Kifungu cha 120 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini miswada huchapishwa kwa Kiingereza. Hata pale kura inapohesabiwa, mwananchi huambiwa mbunge wake aliunga mkono marekebisho ya kipengele fulani, asijue kipengele chenyewe kinasema nini. Tena hakuna istilahi moja iliyokubalika ya kumtaja mbunge aliyekuwapo akakataa kuchagua upande: wengine humwita aliyejizuia, wengine aliyesusia, na hayo si mambo mamoja. Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza na kura zilizokwisha kuhesabiwa tangu mwaka 2013, kwa kueleza kila mswada katika aya mbili za Kiswahili sanifu na kuweka jina, eneo na kura ya kila mbunge chini yake, pamoja na vyeo alivyoshika kabla na baada ya hapo. Taarifa za Bunge ziko wazi kwa umma, na Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola.