Baba wa Mtoto Asiyezaliwa Bado

Hapa Hombo tunawaona vijana ambao, mapatano ya jamaa mbili yakivunjika wakati mimba ingali changa, hujitayarisha kudai mtoto mbele ya hakimu kama watu wanaogombania shamba. Wengine hukata tamaa mapema, kwani wazee huwaambia kwamba asiyetoa mahari hana mtoto. Hatukubaliani na hao wote. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, yasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, wala hakuna ruhusa ya kumkana aliyezaliwa nje ya ndoa. Lakini haimpi baba ushindi juu ya mama. Mahakama ya watoto, iliyoanzishwa kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009, hutazama kwanza faida ya mtoto; na anayenyonya, nani atamtoa kifuani? (Habari ya mahari yataka siku yake.) Kijana na amkubali mtoto sasa, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, asaidie gharama za uzazi, amwandikishe kabla ya siku 90 kwisha. Hati azifunge katika mfuko wa plastiki, maana huku kwetu watu hukimbia usiku.