Nyumba ya Kitengela na Jicho la Mtu wa Pwani

Mwezi uliopita tulimsindikiza mama mmoja wa jamaa zetu, mjane, kwenda kutazama nyumba Kitengela. Alikuwa ameuza fungu lake la mirathi Mombasa, na fedha hizo ndizo zote alizo nazo. Alipofika, akainama kupapasa kuta kwa chini akitafuta unyevu na chumvi, kama tuzoeavyo katika nyumba zetu za mawe ya matumbawe. Hakuona chumvi. Akasema nyumba ni nzima, na dalali akatabasamu.

Adui wa nyumba kule si chumvi. Ni udongo mweusi. Ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka, na nyumba iliyosimama juu yake hupanda na kushuka nao. Fundi mwaminifu huuchimbua wote mpaka afikie moramu au mwamba, ndipo aanze msingi. Asiye mwaminifu huweka msingi mfupi, kisha nyufa zikitokea huzifunika kwa plasta na rangi. Ndiyo maana rangi mbichi katika nyumba ya miaka mitano ilitutia shaka badala ya kutufurahisha.

Tukamwita mhandisi wetu wenyewe, si yule aliyeletwa na dalali. Alikaa saa tatu. Alipanda darini kwa kurunzi, akafungua mifereji yote kwa pamoja, akatazama swichi kuu ya umeme, akapima umbali wa shimo la maji machafu na kisima. Akatuonyesha ufa uliozibwa, uliotoka pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari, na mlango uliopigwa randa chini kwa kuwa ulikuwa haufungi. Yote hayo aliyaandika pamoja na picha. Mjue lakini kwamba mkaguzi havunji ukuta wala hafukui sakafu, msingi hauoni. Yapasa muuzaji aombwe michoro iliyoidhinishwa na picha za wakati wa ujenzi. Dini yetu imemkataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, basi msione haya kuuliza.

Akina mama, ulizeni pia maji. Visima vingi vya Kajiado vina floraidi nyingi, ndiyo huwatia watoto meno madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Chupa moja ya maji hayo ipelekwe maabara kabla ya kulipa chochote, na kama nyumba inategemea lori la maji, gharama yake ihesabiwe kila mwezi.

Liko jambo ambalo hakuna mhandisi atakayeliona ukutani. Oktoba 2023, jirani tu na Kitengela, huko Mavoko katika kaunti ya Machakos, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Wenyewe walikuwa wamelipa, wamejenga, wamehamia. Kwa hiyo wakili afanye upekuzi rasmi wa hatimiliki katika masjala ya ardhi, na mpima ardhi aliyesajiliwa ahakikishe mawe ya mipaka yako mahali pake. Muuzaji akiwa na mke, itakeni ridhaa ya mkewe kwa maandishi. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 imeizingatia ridhaa hiyo katika kuuza nyumba ya ndoa, na huenda mke huyo hana habari kabisa kwamba nyumba yake inatembezwa.

Jamaa yetu aliomba picha za msingi. Muuzaji akasema zimepotea pamoja na simu, kisha akapunguza bei pasipo kuombwa. Mama hakuinunua. Sasa ameona nyingine upande wa Kajiado mjini, na amemwambia dalali kwamba ataitazama mvua za vuli zikianza, siku ya pili baada ya mvua kubwa.