Mlango wa mbwa, kufuli la nani?

Wadau, mtacheka. Kaka yangu aliyeko Marekani kapanga nyumba yenye mlango wa kioo wa kusukuma pembeni, na mbwa wake anataka kutoka kila saa. Akawaza kutoboa kioo. Nikamwambia thubutu! Kioo kilichoimarishwa kwa moto hakikatwi. Ukijaribu kinamwagika chote vipande vidogo vidogo. Halafu nyumba si yake.

Kuna paneli ndefu yenye kitundu cha mbwa. Inasimama kwenye reli ileile, juu ina springi, siku ya kuhama unaichomoa. Apime tu urefu wa fremu, na kimo cha mbwa mabegani.

Sasa kaka kaona ya bei rahisi. Hapo ndipo tulipogombana. Paneli ikishakaa, mlango unakomea kwenye paneli, haufiki tena kwenye fremu, kwa hiyo kufuli la zamani halishiki. Mimi nasema aongeze hela, achukue yenye kufuli lake, na usiku alaze fimbo kwenye reli. Ndani kuna watoto wawili jamani!

Kanijibu: "Mdogo wangu, ufundi umeanza lini?"

Ila jana kanipigia akiwa na futi mkononi.