"Sisi wote tuna mawazo": maneno yanayomwacha mgonjwa peke yake

Mimi ni mjitolea wa afya hapa Nakivale, na ni mkimbizi kutoka Kongo. Leo sitaandika juu ya malaria wala kunawa mikono. Nataka kusema juu ya maneno manne tunayoyatamka kila siku katika bloku zetu: "Sisi wote tuna mawazo."

Mtu akikuambia kwamba halali, hana hamu ya kula, hana nguvu hata ya kwenda kuchota maji, tunamjibu hivyo. Tunadhani tunamfariji. Mimi nilimjibu hivyo kaka yangu mkubwa, na nusura nimpoteze. Yeye mwenyewe ameniruhusu niandike habari hii bila jina.

Kaka ni fundi wa baiskeli. Wakati ule sikuwa bado mjitolea wa afya. Alianza kwa kukosa usingizi, lakini hakuonekana kuchoka. Saa tisa usiku alikuwa anafagia uwanja wa nyumba. Alisema maneno mengi na kwa haraka, hata humpati nafasi ya kujibu. Alisema ataanzisha kampuni ya mabasi. Siku moja aliuza mahindi yetu ya mwezi mzima pamoja na baiskeli ya mteja, akanunua redio mbili na soda za watoto wa bloku nzima. Watu walicheka. Wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni bangi.

Baada ya wiki tatu akaanguka upande wa pili. Alilala akitazama ukuta. Hakuoga, hakuongea, hakugusa spana. Jioni moja nilitoka shambani, akaniambia, "Nimechoka kuamka." Nikamjibu, "Yaya, sisi wote tumechoka. Sisi wote tuna mawazo." Akanyamaza, na hakuniambia neno jingine tena. Siku ya tatu, alfajiri, mama alimkuta akijaribu kujiua. Majirani walikuja mbio, akapona. Alipelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya Mbarara. Huko tulielezwa kwamba ana ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, ambao wataalamu wanauita baipola. Haukuwa uchawi wala uvivu.

Ndugu zangu, ni kweli kwamba hapa kila mtu ana mawazo. Tuliacha nyumba, tulizika watu, wengine hatukuwazika. Chakula hakitoshi na majibu ya safari hayaji. Lakini mawazo na ugonjwa ni vitu viwili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika maeneo yaliyopitia vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini itazameni vizuri: watu 4 wana huzuni na hasira kama wengine, ila si wagonjwa. Kwa hiyo tukisema "sisi wote", tunamficha yule wa tano katikati yetu.

Tutamjuaje? Mwenye mawazo ya kawaida, ndugu yake akipiga simu au mtoto akifanya jambo la kuchekesha, moyo unapumua kidogo. Mgonjwa mara nyingi hapumui. Ikiwa wiki mbili zimepita na mtu ana huzuni karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, au hafurahii kitu chochote alichokipenda, halali au analala kupita kiasi, hali chakula, anajiona hana faida, huyo aende kituo cha afya. Vilevile mtu ambaye kwa siku nyingi analala saa chache bila kuchoka, anasema bila kukoma, anatumia pesa ovyo na kujiona mkuu kuliko wote, tusimcheke. Huo unaweza kuwa ugonjwa kama wa kaka, upande wake wa juu.

Sasa nieleze tunavyoishi nao nyumbani, maana hospitali ni siku chache na nyumba ni kila siku.

Kwanza ni usingizi. Kwa kaka, usiku mmoja au miwili bila kulala unaweza kuamsha ugonjwa. Analala saa ile ile, hata kama jirani ana arusi au kesha. Waragi aliacha, kwa sababu pombe inavuruga usingizi na dawa.

Pili ni vidonge. Baada ya miezi minne kaka alijiona mzima, akaacha. Hazikupita wiki nyingi, akarudi mwanzo. Baipola haifanani na malaria ambayo unameza siku tatu ukamaliza. Mwongozo ni kuendelea na dawa angalau miaka 2 baada ya ugonjwa kutulia, na anayeamua kuacha ni mhudumu pamoja na mgonjwa, kidogo kidogo. Mwanamke mjamzito au anayetaka mimba amwambie mhudumu mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa hizi zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini asiziache mwenyewe ghafla.

Tatu ni pesa. Kaka alipokuwa mzima tulikaa naye, akakubali mwenyewe kwamba mama atunze pesa na kadi ya chakula. Hatukumnyang'anya. Mtu mzima anayenyang'anywa anaona aibu, na aibu inamrudisha kitandani.

Nne ni kazi. Siku mbaya anatengeneza baiskeli moja tu, hata kama ni kuziba pancha. Hiyo moja inamtoa nyumbani.

Najua kuna wanaosema, "Vidonge haviondoi ukimbizi." Ni kweli. Havileti unga na havifungui njia ya kurudi nyumbani. Lakini mtu asiyeweza kuamka hawezi kupanga mstari kupokea hata kile kidogo kilichopo, na watoto wake wanalala njaa mara mbili. Wengine wanataka maombi tu. Sisi nyumbani tunasali, na kaka anameza dawa baada ya sala. Sijaona vitu hivyo viwili vikipigana. Nawaomba na wakubwa wa huduma za afya wahakikishe dawa hizi hazikatiki, maana wiki mbili za kukosa zinaweza kuharibu kazi ya mwaka.

Tena msidhani jirani hana nguvu. Hapa Uganda, katika wilaya za Masaka na Rakai, ulifanyika utafiti uliotolewa mwaka 2003. Watu wa vijijini wenye ugonjwa wa huzuni walikaa katika vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa maeneo hayo waliofundishwa. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na ugonjwa hawakufika 1 kati ya 10. Katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa zaidi ya nusu. Kwa baipola kikundi hakichukui nafasi ya dawa, lakini kinaonyesha kwamba kusikilizwa ni msaada wa kweli.

Basi mtu akikuambia amechoka, mwulize: "Tangu lini? Unalala? Unakula?" Halafu mwulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Usiogope. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi kunamtua mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari karibu naye, umfikishe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiku, mwite mjitolea wa afya wa bloku yako. Tuko kwa ajili hiyo, na habari zako hatuzipeleki bombani.

Mwezi uliopita kaka aliamka usiku, akatoka nje. Mama akasikia uwanja unafagiwa. Hakupiga kelele wala hakuita majirani. Alimwambia tu, "Mwanangu, ufagio." Kaka akasimama, akacheka kidogo, akauweka chini. Kulipokucha alikwenda mwenyewe kituo cha afya kueleza.