Kabla ya Kuzima Uvimbe

Mgonjwa anapofika zahanati akichechemea, goti limevimba na linatoa joto, ombi lake la kwanza huwa sindano ya kupunguza uvimbe. Mara nyingi huipata. Pengine huongezewa na viuavijasumu, eti kwa tahadhari, kisha hurudi nyumbani pasipo mtu kuuliza uvimbe ule umeanzishwa na nini. Desturi hii yafaa kupingwa, na hoja ya kuipinga imo katika utendaji wa kinga ya asili, yaani ile ambayo mtu huzaliwa nayo.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika tishu za mwili, wapiga mbiu ni makrofeji, seli zinazokaa humo muda wote zikiwa na vipokezi vya kutambua alama za jumla za vimelea. Jules Hoffmann alionyesha utambuzi wa namna hiyo kwa nzi wa matunda mwaka 1996, na Bruce Beutler kwa panya mwaka 1998. Wote wawili walitunukiwa Nobeli mwaka 2011. Kipokezi kikiguswa, makrofeji humwaga sitokini, na seli za masti zilizo jirani humwaga histamini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ndipo joto na wekundu vikatokea. Kuta zake hulegea, maji na protini vikavuja, na sehemu ikavimba. Prostaglandini huzifanya neva ziwe nyepesi kuhisi maumivu. Nyutrofili hutoka katika damu kwenda kuwameza vimelea, na mizoga yao ni sehemu kubwa ya usaha. Hiyo ndiyo inflamesheni. Celsus wa Roma aliziorodhesha dalili zake nne katika karne ya kwanza, wekundu ukiwa mmojawapo. Lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo waweza usionekane kabisa, na kiganja cha mhudumu kikawa shahidi bora kuliko jicho lake.

Tatizo ni kwamba mbiu hiyo hailii kwa ajili ya vimelea peke yao. Katika ugonjwa wa jongo, fuwele za asidi ya yuriki hujikusanya ndani ya kiungo. Makrofeji hujaribu kuzimeza, na ndani yake huamka mtambo wa protini uitwao inflamasomu, unaozalisha interlukini-1. Matokeo ni goti lile lile la moto, hata homa, bila bakteria hata mmoja. Viuavijasumu havina la kufanya hapo. Kinyume chake, kiungo kilichoingiwa na bakteria chaweza kuharibika gegedu ndani ya siku chache tu, ilhali sindano ya diklofenaki itampa nafuu mgonjwa huyu kama itakavyompa yule wa jongo. Nafuu hiyo haithibitishi ugonjwa wowote.

Kinachowatenganisha wawili hawa ni maji ya kiungo. Daktari mwenye ujuzi huyavuta kwa sindano, na darubini huonyesha kama mna fuwele, bakteria, au vyote viwili, kwani vyaweza kukutana. Kituo kisichoweza kufanya hivyo kimpe mgonjwa rufaa siku hiyo hiyo. Watasema baadhi kwamba maumivu hayangoji maabara. Ni kweli, na kumtuliza mgonjwa ni wajibu. Ila apewe kitulizo akiwa njiani kuelekea kwenye kipimo, si badala ya kipimo.

Hata pale chanzo kinapojulikana, wakati una uzito wake. Mwaka 2020, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa takriban theluthi moja, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida. Kirusi kilikuwa kile kile na dawa ile ile. Kilichotofautiana ni hatua ambayo inflamesheni ilikuwa imefikia. Aliyeinunua dukani kwa kikohozi chepesi alijinyima kinga aliyokuwa bado anaihitaji.

Mgonjwa naye aseme wazi alichotumia kabla ya kufika, hasa prednisoloni na deksamethasoni, kwa maana zaweza kuishusha homa na kulipoza goti huku bakteria wakizidi kuongezeka. Na aliyezitumia kwa majuma mengi asiziache ghafla pasipo ushauri wa daktari, kwa kuwa tezi zake za adrenali huenda zimezembea, na zahitaji muda kabla ya kurejea kazini.