Kikoi cha Kanada



Wiki iliyopita, baada ya darasa, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia na kikoi kipya mkononi. Mwanawe yuko Kanada, jimbo la Ontario, na kazi yake majira haya ni kuondoa theluji kwa trekta. Mama alikuwa akitafuta msafiri wa kumpelekea kikoi hicho, kijana ajifunge shingoni asipigwe na baridi. Nikamwambia, "Mama, tumpigie simu kwanza."

Mimi theluji nimeiona ndani ya jokofu tu, kwa hivyo kijana alinisomesha kama mtoto wa alifu. Trekta hufungwa mashine yenye parafujo kubwa la chuma. Parafujo huikokota theluji hadi katikati, na hapo pangaboi zito huipokea na kuirusha kwa bomba hadi kando ya njia. Arthur Sicard wa Quebec aliunda yake mwaka 1925, baada ya kuona jinsi mashine ya nafaka inavyofanya kazi.

Nguvu yote hutoka kwenye mhimili wa trekta, ambao kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Nguo inayoning'inia ikidakwa na mhimili huo, mwenyewe hapati hata nafasi ya kupiga ukelele. Mama akakikunja kikoi, akakiweka mapajani.

"Na mikono je?" akauliza.

Kijana akanyamaza kidogo. Theluji iliyolowa hukwama kwenye bomba, na hapo ndipo vidole vya watu hupotea: mtu ana haraka, nyumba zamngoja, akatia mkono kuzibua. Sharti ni kuzima injini, kutoa ufunguo, kungoja kila kitu kisimame, kisha kuzibua kwa kijiti. Hata hapo mkono usiingie, kwani pangaboi lililobanwa laweza kuruka likiachiliwa.

"Nawe wafanya hivyo?"

"Siku nyingi, mama."

Jibu hilo halikumridhisha mama, wala mimi. Alimrudisha mwanzo, akamtamkisha sharti moja moja, kama tufanyavyo chuoni.

Nanyi wenye wana huko, kumbukeni kuwa saa sita zetu za mchana ni saa kumi za alfajiri Ontario, na huenda kijana yuko kazini. Asipopokea, msimpigie mara ishirini.

Kikoi kimerudi sandukuni. Mama sasa atafuta msafiri wa kupeleka kofia ya sufi, ya kubana, isiyo na kamba.