Zaburi na Maisha: Naye Mlinzi Hulindwa na Nani?

Barabara iendayo Bwera huiacha njia kuu ya Kasese pale Kikorongo, karibu na mstari wa Ikweta, ikaelekea magharibi kupitia Kinyamaseke hadi Mpondwe, mpakani mwa Kongo. Mkono wa kushoto ni nyanda zenye joto zinazoteremka hadi Ziwa Edward. Mkono wa kulia imesimama Rwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina urefu wa mita 5,109. Mkristo wa Kinyamaseke asomapo Zaburi ya 121, ambayo mwimbaji wake anainua macho kuitazama milima, hana haja ya kuchorewa picha. Afunguapo mlango alfajiri, milima i mbele yake.

Lakini wako wasomaji wengi wanaoipita haraka aya ya kwanza ya Zaburi hiyo, wakadhani kwamba mwimbaji anaisifu milima. Sivyo. Mwimbaji anauliza swali. Anaitazama milima, kisha anauliza msaada wake utatoka upande gani. Na jibu alipatalo ni kwamba msaada hautoki mlimani, bali kwa yule aliyeuumba mlima pamoja na mbingu na nchi.

Watu wa Rwenzori wanaijua maana ya swali hilo kwa maisha yao wenyewe. Mlima huwapa maji, na miteremko yake huwapa kahawa. Hata hivyo, mlima huo huo ndio ulioteremsha mafuriko ya mto Nyamwamba tarehe 1 Mei 2013, yakaharibu Kilembe na sehemu za mji wa Kasese. Na mwezi wa Mei 2020 mito ilifurika tena, watu wakakosa makazi. Tena, misitu ya mpakani imekuwa maficho ya waasi wa ADF kwa miaka mingi. Basi mwenye kuutazama mlima huo kwa matumaini huutazama pia kwa hofu, na swali la mwimbaji huwa ni swali lake.

Neno moja mara sita

Zaburi ya 121 ni mojawapo ya nyimbo kumi na tano, kuanzia ya 120 hadi ya 134, zinazohesabiwa kuwa nyimbo za mahujaji waliopanda kwenda Yerusalemu. Katika vitabu vya zamani vya Kanisa Katoliki vyenye kufuata hesabu ya Kigiriki, msomaji ataikuta ikiwa ya 120. Ina aya nane tu. Lakini katika Kiebrania neno lenye maana ya kulinda limetumika humo mara sita. Mungu anaelezwa humo kwa sifa ya kazi ambayo askari anaijua vizuri: kukesha. Hasinzii wala halali. Hulinda mchana penye jua kali, hulinda usiku, hulinda mtu atokapo na aingiapo.

Askari asomaye maneno hayo akiwa zamu hujiona yumo ndani yake. Yeye hukesha ili wengine walale, lakini mwili wake ni wa nyama na damu. Macho huwa mazito saa tisa za usiku, na masikio huchoka kusikiliza. Nani basi humlinda mlinzi? Zaburi inamwambia kwamba juu ya lindo lake liko lindo jingine, na kwamba hakupewa kazi ya kuwa Mungu. Amepewa sehemu yake tu, naye aitimize.

Jambo hili linakamilishwa na Zaburi ya 127, ambayo yawataja pamoja mjenzi wa nyumba na mlinzi wa mji, ikisema kwamba kazi ya wote wawili ni bure pasipo Bwana. Waswahili nao wamesema, jitihada haiondoi kudura. Wako wanaoyageuza maneno hayo yakawa ruhusa ya uzembe, wakasema kwamba maadamu Mungu hulinda, mtu na alale. Lakini Zaburi haikumwondoa mlinzi langoni, wala haikumnyang'anya mjenzi mwiko wake. Imeondoa majivuno tu, na wasiwasi ulao moyo. Vilevile wako wanaokunja karatasi yenye maneno ya Zaburi na kuitia mfukoni kama hirizi, wakitumaini kwamba risasi itapotea njia. Zaburi ni sala, na sala ni mazungumzo ya mtu na Mola wake. Mwenye kuigeuza hirizi ameyaacha mazungumzo, akabaki na karatasi.

Usiku wa Lhubiriha

Hapa ndipo penye neno gumu, na si haki kulikwepa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, waasi wa ADF waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, umbali mfupi kutoka mpakani. Bweni lilitiwa moto. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wengine walitekwa wakapelekwa upande wa Kongo. Mzazi aliyempoteza mtoto usiku ule akisikia kanisani kwamba Mungu hasinzii, hana budi kuuliza: usiku ule alikuwa wapi?

Wafariji wengi huogopa swali hilo, wakamtaka mzazi anyamaze asije akamkufuru Mungu. Wengine hufanya vibaya zaidi, wakanong'ona kwamba huenda familia ilikuwa na dhambi iliyofichika. Watu hao hawakisomi kitabu chote. Katika kitabu hicho hicho cha Zaburi 150, iko Zaburi ya 44, ambayo ni kilio cha taifa lililopigwa na adui. Waimbaji wake wanalalamika kwamba Mungu hakutoka pamoja na majeshi yao. Wanasema wazi kwamba mabaya hayo yamewapata ingawa hawakumsahau wala hawakulivunja agano lake. Na karibu na mwisho wanamwita Mungu aamke, wakimuuliza kwa nini amelala.

Zaburi moja yasema Mungu halali. Nyingine yamwita aamke. Waliokikusanya kitabu hawakuifuta hata moja kati ya hizo mbili. Walizihifadhi zote, zikaimbwa na watu wale wale katika ibada ile ile. Hivyo waliwafundisha waumini kwamba kilio cha mfiwa ni sala iliyo halali kama shukrani ya aliyeokoka. Mtu hamwiti aamke yule asiyemtumaini. Mama wa Mpondwe aliaye usiku na kumuuliza Mungu sababu hajaiacha imani yake. Amesimama ndani ya imani, mahali pale pale waliposimama waimbaji wa Zaburi ya 44. Kumwambia ameadhibiwa ni kusema jambo ambalo Zaburi yenyewe imelikataa.

Zaburi hiyo inamfaa pia askari mwenye mzigo asioutaja. Wako waliofika mahali pa msiba wakati moto umekwisha kula, wakabeba maiti za watoto walio rika la watoto wao. Tangu mwishoni mwa Novemba 2021 majeshi ya Uganda na Kongo yamepigana kwa pamoja na waasi hao, na wengi walioshiriki wamerudi nyumbani na mambo ambayo hawakuyasimulia. Mzigo wa namna hiyo usipopelekwa mahali unapostahili hupelekwa kwingine: katika chupa ya waragi, au mgongoni mwa mke na watoto wasio na kosa. Afadhali mume auseme mbele ya Mungu kwa ukali wote alio nao, kisha amwendee kasisi, mchungaji au mganga amsikilize. Uanaume haupungui kwa hilo.

Mwendo wa nyumbani

Jirani wa mfiwa naye ana sehemu yake. Yafaa aende na maji, kuni na chakula kabla ya kwenda na mafundisho. Akae kitako, asikilize. Akiombwa kusoma, asichague Zaburi za ushindi peke yake. Asome na ile ya 13, iulizayo itakuwa hata lini, au ile ya 88, ambayo inamalizikia gizani pasipo faraja iliyo wazi. Mfiwa atatambua kwamba hayuko peke yake gizani humo.

Kwa familia ambazo baba au mama yuko kazini mbali, wiki hii yaweza kupangwa hivi: Jumapili Zaburi ya 121, Jumatatu ya 127, Jumanne ya 13, Jumatano ya 44, Alhamisi ya 46, Ijumaa ya 88, na Jumamosi ya 130, ambayo yamfananisha mwenye kumngoja Bwana na walinzi waingojao asubuhi. Isomwe moja tu kila jioni baada ya chakula, kwa sauti, polepole. Kisha pawe na kimya kidogo. Mtoto akiuliza kwa nini Mungu hakuwalinda watoto wa Lhubiriha, asikaripiwe, wala asipewe jibu la kubuni. Aambiwe kwamba hata watu wa Biblia waliuliza hivyo, na kwamba Mungu aliyapokea maswali yao.

Aya ya mwisho ya Zaburi ya 121 inazungumzia kutoka na kuingia. Katika nyumba ya askari au polisi maneno hayo mawili ni maisha yote: viatu vikikosekana mlangoni, baba ametoka, vikirudi, ameingia. Atokaye na aombewe kwa jina kabla ya kufika barabarani. Aingiaye na apokewe kwa maji ya kuoga na uso wa furaha, wala asihojiwe kabla hajapumzika. Na katika nyumba ambayo aliyetoka hakuingia tena, majirani wasisahau kubisha hodi, hata baada ya siku za matanga kwisha.